Timu Haifi kwa Kufungwa

Ukitaka kumjua shabiki wa timu inayofungwa kila mara, usimtafute kiwanjani. Mtafute siku ya pili yake barazani, baada ya swala ya alasiri, wakati muuza kahawa anapogonga vikombe vyake na wazee wanaanza kukusanyika. Iwe ni Ukunda, Msambweni au Vanga, utamtambua bila kuonyeshwa. Amekaa pembeni, karibu na ukuta. Anauliza bei ya nazi, anauliza habari za mvua, anamnunulia kashata hata mtu asiyemjua vyema, mradi tu mazungumzo yasifike kwenye mpira. Na mwishowe hufika. Atatokea kijana mmoja aulize kwa sauti ya upole: "Haya, jana mlipigwa ngapi?"

Ndugu msomaji, mimi ni mmoja wa hao wanaokaa karibu na ukuta. Nimezipenda timu zinazofungwa tangu utotoni. Lakini katika miaka yote hiyo nimegundua kwamba si kufungwa kunakomuumiza zaidi shabiki wa kusini. Kufungwa kuna dawa yake, kwa sababu Jumapili nyingine inakuja. Kinachouma ni kuamka siku moja ukaambiwa kwamba timu yenyewe haipo tena.

FERI KWANZA, MPIRA BAADAYE

Sisi wa upande wa kusini, timu kubwa iliyo karibu nasi ni Bandari, nayo huchezea Mbaraki, kisiwani Mombasa. Kutoka Diani hadi Likoni si mwendo wa kutisha. Lakini Likoni kuna feri, na feri haina habari na saa kumi. Ni wangapi waliosimama pale kwenye mteremko, jasho likiwatoka, Mombasa wanaiona ng'ambo kwa macho yao na mpira wanausikia redioni! Tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu imekamilika, na mwenye gari aweza kuzunguka asiuone mlango wa Likoni. Lakini anayetegemea matatu na miguu yake, njia yake ni ile ile ya babu zake.

Na huvumilia yote hayo kwa ajili ya nini? Mwaka 2018 Bandari ilimaliza ligi katika nafasi ya pili, nyuma ya Gor Mahia. Msimu wa 2018/19 ikamaliza ya pili tena, nyuma ya Gor Mahia hao hao. Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam katika mashindano ya Kombe la SportPesa, ikawafunga Simba 2-1 nyumbani kwao, na usiku ule huku kwetu watu hawakulala. Ilipofika fainali ikafungwa 1-0 na Kariobangi Sharks. Alhamdulillahi, miezi michache baadaye iliwalipa hao hao Sharks ikachukua kombe la chama cha mpira, na kwa kombe hilo ikapata nafasi ya kwenda kucheza Afrika.

Hapo ndipo shabiki alipopata pigo jingine. Uwanja wa manispaa wa Mombasa ulikuwa umefungwa kwa matengenezo, na mechi za nyumbani zikapelekwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka baharini. Bandari iliwatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan, ikawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, kisha ikatolewa na Horoya wa Guinea. Ile ilikuwa safari ya fahari. Lakini mvuvi wa Gazi na mgema wa Tiwi, ambao siku zote huambiwa waisaidie timu yao, waliisikia redioni kama watu wa ugenini.

WAZEE NA MWAKA 1965

Ukiyasema haya barazani, wazee watakukata kauli. Watakutajia Feisal. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya ligi ya taifa kuanzishwa, Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya. Wazee watakutajia Ali Kajo, na mikono yao itaanza kuonyesha jinsi mpira ulivyokuwa ukipigwa. Sikiliza kwa adabu, kwani wana haki. Tangu mwaka ule hadi msimu wa 2024/25, miaka 60 kamili, hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyochukua ligi hiyo.

Lakini waulize wazee hao hao: Feisal iko wapi? Iliunganishwa na jirani zake Liverpool, ikazaliwa Mwenge. Na Mwenge nao ukazimika. Vijana wetu wenye vipaji wakapanda gari la bara. Mahmoud Abbas, mlinda lango wa Pwani aliyepewa jina la "Kenya One", sifa zake nyingi alizipata akiwa na AFC Leopards na timu ya taifa, katika miaka ile ya 1981, 1982 na 1983 Kenya ilipochukua Kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo. Sisi tulimpigia makofi kutoka mbali, kama mzazi anayemshangilia mwana aliyeolea mji mwingine.

KIWANJA CHETU

Sasa nije nyumbani. Timu ya mtaa wetu, ambayo jina lake nitalisitiri, ilikuwa ikicheza katika kiwanja chenye minazi upande mmoja na mbuzi upande wa pili. Mpira ukianza saa kumi na robo baada ya swala, sharti uishe kabla ya adhana ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani wachezaji walicheza na funga zao, na kipindi cha pili kilikuwa cha kutembea. Tulifungwa sana. Tulifungwa na Ukunda, na Msambweni, na hata timu ya shule.

Tukifungwa mara tatu mfululizo, shauri la kwanza lililotolewa halikuwa mazoezi. Lilikuwa mganga. Nakumbuka msimu mmoja mchango wa kununua mpira mpya ulichukua miezi mitatu, na mchango wa mganga ukapatikana usiku mmoja. Mganga alilipwa kwanza, timu ikapigwa nne, naye akasema tumevunja miiko. Sheikh wetu hakutugombeza. Alituuliza tu kama golikipa ana glavu. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hakuwa nazo.

Basi ukaja mwaka wa uchaguzi, na pamoja nao akaja mfadhili. Bwana huyo, ambaye pia simtaji, alileta jezi kumi na sita zenye picha yake kifuani, na mipira miwili. Alichotaka ni kidogo tu: timu iitwe kwa jina lake. Wazee wawili wa kamati walikataa wakajitoa. Sisi wengine tulishangilia. Msimu ule tulishinda mechi nne, na mimi nikahama ukutani, nikawa nakaa katikati ya baraza.

Kura zilipohesabiwa, bwana yule alishindwa. Simu yake ikawa haipatikani. Ada ya kujiandikisha kwa msimu uliofuata haikulipwa, jina la zamani tulikwisha kulitupa, na wale wazee waliojua makaratasi yaliko walikwisha kujitoa. Timu ikafa. Haikufa katika mwaka wa kufungwa, bali ilikufa katika mwaka wake mzuri kuliko yote.

Kwa misimu miwili kiwanja kilibaki cha mbuzi. Golikipa wetu, kijana aliyekuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka, jioni zake zikakosa kazi. Alianza kukaa na watumiaji wa unga nyuma ya soko. Sisemi kwamba mpira ungemwokoa. Hilo alijuaye ni Mwenyezi Mungu. Nasema tu kwamba kabla ya hapo, ilipofika saa kumi na moja jioni, mama yake alijua mwanawe yuko wapi.

WAFADHILI HUJA NA KUONDOKA

Usidhani haya ni ya mtaa wetu peke yake. Oserian ya Naivasha, timu ya kampuni ya maua, ilichukua ubingwa wa Kenya 2001 ikauchukua tena 2002. Haikupita miaka mingi ikatoweka. Hakuna aliyeishinda hata ikafa. Mwenye mali aliacha, na ya mwenye mali huenda naye.

Na sisi watu wa kusini twapaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana tumezoea kuachwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988, na vijana wake wakatawanyika kutafuta riziki. Agosti 1997 zilizuka ghasia za Likoni, watalii wakakimbia, hoteli za Diani zikapunguza watu, na mtu aliyekuwa akitoa shilingi ya mpira akawa hana ya unga wa kupikia sima. Desemba 2024 mgodi wa titaniamu hapa Kwale ulimaliza uchimbaji wake. Kila mwajiri huja na neema yake, na siku akiondoka huondoka nayo. Timu iliyoegemea ukuta wa mtu mmoja, ukuta ukibomoka, nayo huanguka.

TUTAZAME TANGA

Vuka Lungalunga, shuka hadi Tanga, mji ambao wengi wetu tuna shangazi na wajomba zetu. Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania 1988. Baadaye ikaanza kudidimia, na 2016 ikashuka daraja pamoja na timu nyingine mbili za Tanga, hata mji mzima ukabaki bila timu katika ligi kuu. Wangekuwa na sababu ya kuifunga klabu na kugawana viti. Hawakufanya hivyo. Ile ni klabu ya wanachama, na wanachama hawana pa kuhamia. Mwaka 2018 ilirudi ligi kuu, na 2024 ikamaliza ya nne na kupata tiketi ya kucheza Afrika.

Au tazama Nairobi. Gor Mahia walikaa bila ubingwa wa ligi tangu 1995 hadi 2013. AFC Leopards walichukua ligi 1998, kisha robo karne nzima ikapita bila ya kuigusa tena, na katika miaka hiyo walishuka hata daraja. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa, ambayo fedha zake zilitoka katika kamari, ilipoacha udhamini, klabu zote mbili zilibaki mikono mitupu. Mishahara ilichelewa, wachezaji wakahama, mashabiki wakalalamika. Lakini klabu hazikufa. Watu hawawezi kuacha kilicho chao kama mwajiri anavyoacha duka lililomtia hasara.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mchango wa wanachama huleta vikombe. Hauleti. Huleta kitu kidogo zaidi, yaani timu kuwapo mwakani. Hebu tupige hesabu. Watu 200 wa mtaa mmoja, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi, hizo ni shilingi 10,000. Kwa mwaka ni 120,000. Mtaa gani wa Ukunda hauna watu 200 wanaolipa kiingilio usiku kutazama ligi ya Uingereza? Siwalaumu. Arsenal walipochukua ligi 2004 nami nilishangilia, na zaidi ya miaka 20 ya kungoja iliyofuata imenifunza saburi. Lakini Arsenal haijui kama mimi nimezaliwa. Wala haitamuuliza kijana wa nyuma ya soko kwa nini jana hakuja mazoezini.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumekwenda tezi kwa Gor na Leopards, tumekwenda omo kwa Arsenal na Manchester. Ngama ni hiki kiwanja chenye minazi.

Wale wazee wawili waliojitoa ndio waliotufufua. Walikuja barazani na daftari la mistari, wakaandika majina, na kila Ijumaa baada ya swala daftari hupita kutoka mkono hadi mkono. Hakuna atoaye nyingi, na hakuna ambaye picha yake imo kifuani. Jina la zamani limerudi. Glavu zimenunuliwa, ingawa golikipa ni mwengine. Yule wa kwanza huja siku nyingine akasimama chini ya mnazi, akatazama, kisha akaenda zake. Jina lake limo daftarini. Mzee mmoja humlipia.

Mechi yetu ya kwanza baada ya kurudi tulicheza Jumapili, na Jumatatu nilikwenda barazani nikakaa mahali pangu, karibu na ukuta. Kahawa haijafika mkononi, kijana akaniuliza: "Haya, jana mlipigwa ngapi?"

Nilimjibu mara moja, wala sikuona haya. Tatu kwa bila. Aulizwaye hivyo, angalau ana timu.