Kuyaacha Mazoea ya Raha

Sisi tulalao bwenini twalijua sana jambo hili. Kengele ya asubuhi hulia, nawe u macho kabisa, walakini wajifunika blanketi tena na kusema, "Dakika tano tu." Baada ya mwezi mmoja mwili umekwisha kujiwekea sheria yake, na kengele haisikiki tena. Hivyo ndivyo mazoea yaingiavyo. Huja kama mgeni, mwisho hukaa kama mwenye nyumba.

Si mazoea yote yaliyo mabaya. Kusali na kusoma kila jioni nayo ni mazoea. Mabaya ni yale yanayotustarehesha hata tukaacha kuusikia uongozi wa Mungu. Wengi hudhani ya kuwa uongozi huo huja kwa ndoto au kwa ngurumo. Nionavyo mimi, mara nyingi ni lile jambo dogo ambalo moyo umekwisha kulijua kuwa ni haki, nasi twaliahirisha mpaka kesho. Wenzetu Waislamu hukumbushwa katika adhana ya alfajiri kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Basi vita vya siku nzima huanzia kitandani.

Mfano mkubwa tunao katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Muganda aliyepata kufanya kazi ya serikali katika idara ya afya, alikutana mjini Kampala na Dakta Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye ukatokea Uamsho, nao katika miaka ya 1930 ukaenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Wengi walioguswa walikuwa Wakristo wa siku nyingi, waliozoea kwenda kanisani Jumapili na kurudi nyumbani na mambo yaleyale. Sasa hawakuishia kuimba. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao.

Habari hizo nilizisoma muhula uliopita, nikashikwa na fadhaa. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na kitabu cha Jiografia cha maktaba, nilichokichukua bila kuandikisha tangu nilipokuwa Kidato cha Tatu. Nami nilikuwa kiranja wa bweni, ambaye kazi yake mojawapo ni kukagua masanduku ya wengine! Nilikuwa nimekizoea hata nikakiona kuwa changu. Kila dhamiri iliponisuta nilijibu, "Nitakirudisha baada ya mtihani." Siku moja niliwaona wenzangu wanne wakigombania nakala moja ya kitabu hichohicho. Jioni ile nilikipeleka kwa mwalimu wa maktaba, nikamweleza yote.

Sikupewa sifa. Nilivuliwa ukiranja, na jambo hilo liliniuma sana, kwa kuwa baba yangu alikwisha kuwatangazia majirani cheo changu. Mpaka leo sijamwandikia. Nimezoea kumpelekea habari njema tu, na hayo nayo ni mazoea ya raha. Kwa hiyo nitaiandika barua hiyo leo, mara nimalizapo makala hii.

Basi mtu afanyeje? Kwanza, alitaje jambo moja kwa jina lake. Asiseme, "Nitakuwa mtu mwema," bali, "Nitalipa shilingi ya fulani," au, "Nitaacha kunakili hesabu za jirani yangu." Pili, alifanye siku ileile, maana kesho ndiyo nyumba ya mazoea. Tatu, amwambie rafiki mwaminifu, ili akilegea apate wa kumkumbusha. Nne, asingoje malipo. Huenda akapata aibu kwanza, kama nilivyopata mimi. Lakini aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko sanduku usilothubutu kulifungua mbele ya watu.

Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka hapa karibuni, na huko twendako hakuna kengele wala kiranja. Yatupasa tujifunze sasa kuamka pasipo kuamshwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne