Kuifasiri Sheria ya Faragha kwa Lugha ya Kompyuta

Watu wengi hudhani kwamba "wingu", kama waliitavyo mafundi wa kompyuta, ni kitu kisicho na mahali. Sivyo. Wingu ni majumba yaliyojaa kompyuta, na mashirika hukodi sehemu yake kwa kadiri ya haja zao. Hapo awali fundi aliyetaka ghala la kuwekea taarifa alilipanga kwa mkono, akichagua hiki na kile. Siku hizi huandika. Lugha kama ile ya Terraform, iliyotolewa mwaka 2014, humwezesha kueleza ghala alitakalo, nani aruhusiwe kuingia, na milango ipi ifungwe. Kisha mashine huyasoma maandishi hayo na kulijenga. Maandishi yaweza kukaguliwa na kukataliwa kabla ya jambo lenyewe kutendeka, na ndiyo maana masharti ya sheria sasa hutiwa humo humo: programu ya ukaguzi, mathalan Open Policy Agent, huyapitia maandishi ya fundi na kuyakataa yakivunja sharti.

Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya uhandisi. Makala haya yataka kuonyesha kwamba kwa asili yake ni tafsiri, na kwamba shida zake ni zile zile zimpatazo mfasiri yeyote.

Sheria hupenda maneno mapana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, yaagiza taarifa za mtu zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zina sharti la namna hiyo. Mwanasheria aridhika na maneno "muda unaohitajika". Mashine haiyaelewi, yataka tarakimu. Basi hapana budi mtu aandike siku 90, au 365, na mara nyingi mtu huyo ni fundi. Hapo amekwisha kuifasiri sheria, hata kama hakujua kwamba anafasiri. Naona ni wajibu wake kuandika kando ya tarakimu hiyo sababu yake na ofisi iliyoikubali, maana tarakimu tupu haisemi ilikotoka.

Wala tarakimu haitoshi. Tutazame ghala liitwalo S3, la Amazon. Ghala hili laweza kuamriwa kuhifadhi matoleo ya zamani ya kila kitu, na walinzi wa usalama hupenda amri hiyo iwepo, ili taarifa zisipotee kwa bahati mbaya au kwa hila. Lakini amri hiyo ikiwapo, na fundi akiandika kwamba vitu vifutwe baada ya siku 90, muda utimiapo ghala huweka juu yake alama ya kufutwa tu. Toleo la zamani labaki lilivyo, mpaka iandikwe amri nyingine ihusuyo matoleo hayo. Mkaguzi aulizaye, "Je, matoleo yahifadhiwa?" hujibiwa ndiyo; aulizaye, "Je, muda wa kufuta umewekwa?" naye hujibiwa ndiyo, na taarifa za mtu zingali pale pale.

Kiswahili chaweza kutusaidia hapa, kwa kuwa chatenga maneno ambayo mafundi huyachanganya. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni hali ya mtu kuwa kando na macho ya watu. Siri yaweza kulindwa milele kwa kufuli, na aliyeandikwa humo asipate faragha, maadamu mwenye ufunguo aendelea kumsoma.

Mambo haya yalidhihirika mwaka 2019, ilipotangazwa kwamba taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zimechukuliwa kutoka benki ya Capital One. Benki hiyo haikuwa ngeni katika kazi hii: mwaka 2016 iliwatolea watu wote Cloud Custodian, programu yake ya kusimamia masharti katika wingu. Tena ilikuwa na desturi ya kusimba taarifa, yaani kuzigeuza maandishi yasiyosomeka ila kwa ufunguo. Lakini programu ya ulinzi iliyokuwa mlangoni ilipangwa vibaya, na ruhusa iliyopatikana kwa njia yake ilitosha kufikia ghala. Na benki yenyewe ilieleza kwamba aliyeingia aliweza pia kuzisimbua taarifa. Sharti la kusimba lilikuwa limetimizwa kwa herufi zake. Mwezi Agosti 2020 wasimamizi wa mabenki wa Marekani waliitoza faini ya dola milioni 80.

Programu ya ukaguzi yaweza kujibu kama mlango u wazi kwa watu wote, kama taarifa zimesimbwa, na kama ghala liko katika nchi iliyoruhusiwa. Haiwezi kujibu kama taarifa zilistahili kuwamo. Katika tangazo la benki ile imo habari ambayo wengi waliipita upesi: zilizochukuliwa zilikuwamo taarifa za watu walioomba kadi za mkopo tangu mwaka 2005.