Riyadh na Jeddah: Muziki wa elektroniki wa kusikilizwa kati ya Magharibi na Isha

Tangu mwaka 2019, tamasha kubwa la muziki wa elektroniki nje kidogo ya mji wa Riyadh limekuwa likivuta macho ya vyombo vya habari vya dunia. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, wapenzi wa sauti nzuri nchini Saudi Arabia walisikiliza muziki nyumbani, milango ikiwa imefungwa. Albamu zinazostahili kupendekezwa kwao, na kwa Waafrika Mashariki wanaoishi miongoni mwao, ni zile zisizohitaji jukwaa.

Tamasha la Soundstorm, linaloandaliwa na kampuni ya MDLBEAST, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwezi Disemba mwaka 2019. Liliporejea mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja wa janga la virusi vya korona, waandaaji walisema zaidi ya watu 700,000 walihudhuria katika muda wa siku nne. Hayo ni mabadiliko makubwa katika nchi iliyofungua tena majumba yake ya sinema mwezi Aprili mwaka 2018, baada ya zaidi ya miaka 35. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yamekuwa yakisema kwamba serikali hutumia burudani kufunika ukandamizaji wa wapinzani, hasa tangu mwandishi wa habari Jamal Khashoggi alipouawa Oktoba 2018 ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul. Hoja hiyo ni nzito na haiondolewi kwa taa za rangi. Hata hivyo, anayelitazama jukwaa peke yake, awe mshabiki au mkosoaji, huwasahau wasikilizaji wa zamani.

Muziki haukuwahi kutoweka Saudi Arabia. Kanda za Talal Maddah na Mohammed Abdu ziliuzwa na kusikilizwa kila pembe ya nchi. Kilichobanwa, hasa baada ya watu wenye silaha kuuteka Msikiti Mtukufu wa Makka mwaka 1979, ni muziki wa hadharani. Mohammed Abdu alipoimba mjini Riyadh mwezi Machi mwaka 2017, ilielezwa kwamba onyesho kama hilo halikuwa limefanyika mjini humo kwa karibu miongo mitatu. Katika kipindi chote hicho ukumbi wa mpenzi wa muziki ulikuwa ni sebule yake au gari lake, na fedha ambayo kwingineko ingelipa tiketi ilikwenda kwenye spika na amplifaya.

Suala la iwapo muziki unaruhusiwa katika Uislamu halikumalizwa na mageuzi hayo. Wapo wanazuoni wanaoharamisha ala zote isipokuwa dufu, na wapo wanaoruhusu kwa masharti. Wakazi wa Lamu, Mombasa na Unguja wanaufahamu vyema mjadala huo kutokana na taarab. Muziki unaozungumziwa hapa, kwa sehemu kubwa, hauna maneno ya mapenzi wala mdundo wa kuchezesha, jambo linalopunguza baadhi ya pingamizi bila ya kuziondoa zote.

Muziki huo huitwa ambienti, yaani muziki wa kuwa mazingira. Aliyeupa jina ni Mwingereza Brian Eno. Mwaka 1975 Eno aligongwa na teksi mjini London, na akiwa amelala kitandani aliwekewa santuri ya kinubi cha karne ya 18. Amplifaya ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ndogo mno, spika moja haifanyi kazi, na nje mvua ilikuwa ikinyesha. Kwa kuwa hakuweza kuinuka kuongeza sauti, aliusikiliza muziki huo ukichanganyika na mvua, na hapo akapata wazo la muziki unaoweza kusikilizwa kwa makini au kupuuzwa, na katika hali zote mbili ukabaki na thamani yake. Mwaka 1978 alitoa albamu ya Music for Airports, muziki wa viwanja vya ndege, ambayo wazo lake lilimjia akisubiri ndege katika uwanja wa Cologne-Bonn nchini Ujerumani.

Wakazi wa Jeddah wanao uwanja ambao ungeufaa muziki huo kuliko ule wa Cologne. Jengo la mahujaji katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Mfalme Abdulaziz, lililofunguliwa mwaka 1981 na kupata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 1983, lina paa la mahema meupe yanayoacha upepo upite. Mahujaji wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kuketi chini ya mahema hayo kwa saa nyingi, mizigo miguuni, wakisubiri basi la Makka. Mwaka 2023 sehemu ya jengo hilo ilikuwa mwenyeji wa maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya sanaa za Kiislamu, na miongoni mwa kazi zilizowekwa hapo ni ile ya msanii Joe Namy, aliyekusanya adhana kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kuzipanga zipokezane. Huo haukuwa muziki, na haufai kuitwa hivyo, lakini uliwataka wageni wasimame na kusikiliza sauti kama sauti.

Adhana ndiyo pia inayopanga wakati wa msikilizaji katika miji hii. Kwa mujibu wa kalenda ya Ummul Qura, inayofuatwa Saudi Arabia, Isha huingia dakika 90 baada ya Magharibi, na dakika 120 katika mwezi wa Ramadhani. Katika sehemu nyingine za dunia muda huo hubadilika kwa majira, lakini Riyadh na Jeddah haubadiliki. Ukiondoa muda wa sala yenyewe na wa kutia udhu tena, kinachobaki ni saa moja na dakika chache, na albamu nyingi za muziki huu zinaenea humo. Huo ni msingi mzuri wa kuchagulia, kwani hakuna kinachoudhi kama kukata kipande katikati.

Music for Airports inachukua takriban dakika 48 na ndiyo ya kuanzia. Inayofuata ni Structures from Silence ya Mmarekani Steve Roach, ya mwaka 1984, yenye vipande vitatu tu, cha mwisho kikikaribia nusu saa. Roach anafahamika kwa mapenzi yake ya majangwa ya Amerika, na aliyewahi kutoka Riyadh usiku kwenda kuketi kwenye mchanga ataielewa bila ya kufasiriwa. Substrata ya Biosphere, ya mwaka 1997, imetoka upande wa pili kabisa: mtunzi wake, Geir Jenssen, ni mtu wa Tromsø nchini Norway, ndani ya mzunguko wa Aktiki. Ni albamu ya barafu na upepo, na pengine haina mahali inapothaminiwa kama katika mji ambao joto la kiangazi hupita nyuzi 45.

Kwa anayetoka kwenye jukwaa la Disemba na bado anataka mapigo, daraja lake ni Oxygène ya Mfaransa Jean-Michel Jarre. Aliirekodi mwaka 1976 nyumbani kwake mjini Paris, katika jiko alilolifanya studio. Jarre, ambaye baba yake alitunga muziki wa filamu ya Lawrence of Arabia, alitumbuiza mjini Riyadh Septemba 2018, siku ya taifa la Saudi Arabia. Maonyesho yake ya taa ni maarufu, lakini albamu hiyo ya jikoni inayapita.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba fani hii ni mali ya Ulaya. Mwaka 1944, miaka minne kabla ya Wafaransa kutangaza uvumbuzi wao wa muziki wa sauti zilizorekodiwa, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya kutoka redio mjini Cairo, akaenda kwenye ngoma ya zar, kisha akazipitisha sauti za wanawake waliokuwa wakiimba katika vyumba vyenye mwangwi hadi maneno yakayeyuka. Zar ni uganga wa pepo unaofahamika Misri, Sudan, Ethiopia na hata Hijazi, na watu wa pwani wataufananisha mara moja na ngoma za kupunga pepo. Kipande kilichosalia ni cha dakika chache tu, na kimo katika CD ya Crossing into the Electric Magnetic iliyotoka mwaka 2000.

Katika Ghuba, jina la kwanza ni la Fatima Al Qadiri, aliyezaliwa Dakar mwaka 1981 na kukulia Kuwait, ambako aliushuhudia uvamizi wa Iraq akiwa mtoto. Albamu yake ya Medieval Femme, ya mwaka 2021, ilipata msukumo kutoka kwa mashairi ya wanawake wa Kiarabu wa zamani. Ni fupi, ya giza, na besi yake huonyesha haraka udhaifu wa spika. Saudi Arabia yenyewe imemtoa MSYLMA, msanii wa Makka, aliyetoa Dhil-un Taht Shajarat Al-Zaqum mwaka 2019, yaani kivuli chini ya mti wa Zaqqum, mti wa motoni unaotajwa katika Qur'ani. Sauti yake inaelea juu ya mashine zinazopasuka, kwa Kiarabu cha ushairi wa kale. Hii si albamu ya kupumzikia, na ndiyo pekee katika orodha hii inayovunja utulivu kwa makusudi. Lakini ilitoka mwaka uleule jukwaa la Riyadh lilipojengwa, na ina uzito ambao jukwaa halikuwa nao.

Wakenya, Waganda na Waethiopia wengi wanafanya kazi za nyumbani, udereva na ulinzi katika miji hii miwili, na kwa wengi wao chombo cha muziki ni simu na hedifoni, katika chumba cha kulala watu kadhaa. Kwao muziki wa chini una faida ya kumpa mtu faragha pasipokuwa na ukuta. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU na aliyerithi jina la babu yake, mwanamuziki mashuhuri wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018, alitoa Peel mwaka 2020. Ndani yake mna sauti zilizonaswa mitaani na nyumbani, zikanyooshwa hadi zikawa kama hewa. Inapita saa moja, na haina haraka hata kidogo. Mwenye kutaka wimbo zaidi atafute kanda ya mwaka 1985 ya Muethiopia Hailu Mergia na ala yake ya zamani, yaani akodiani, akisindikizwa na sintesaiza na mashine ya ngoma. Mergia aliendesha teksi mjini Washington kwa miaka mingi kabla ya kanda hiyo kutolewa upya mwaka 2013 na dunia kumgundua.

Kuhusu vifaa, Riyadh na Jeddah ni kama nchi mbili. Riyadh ni kavu na ina vumbi; santuri hujaa umeme tuli, huvuta vumbi, na kila punje husikika katika muziki wenye ukimya mwingi. Huko CD au faili la kompyuta lisilobanwa ni salama zaidi. Jeddah ina unyevu wa bahari, na adui ni ukungu, kutu, na kuoza kwa sponji inayozunguka koni za spika za zamani.

Katika miji yote miwili kuna kiyoyozi. Mngurumo wake hukaa palepale zilipo besi za chini za albamu hizi, na msikilizaji huongeza sauti bila ya kujua ili aushinde. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Hedifoni zinazofunika sikio lote huzuia mngurumo na kumwezesha mtu kusikiliza kwa sauti ndogo, na bei yake ni ndogo mno kuliko ya spika mpya.

Anayehamia huko na mashine yake ya santuri kutoka Dar es Salaam au Nairobi ajue pia kwamba umeme wa Saudi Arabia hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, si 50 kama wa nyumbani. Mashine ya zamani ambayo mota yake hufuata umeme itaizungusha santuri ya mizunguko 33 na theluthi kama 40, na Eno atasikika ana haraka.

Kanda zina hatari ya namna nyingine. Mwaka 2001 Mmarekani William Basinski alianza kunakili kanda zake za miaka ya 1980 kwenye kompyuta, akaona unga wa sumaku ukipukutika kila kanda ilipozunguka, na muziki ukififia mbele yake. Aliuacha ufe huku akiurekodi. Kazi hiyo, The Disintegration Loops, aliikamilisha karibu na mashambulizi ya Septemba 11 mjini New York, na akaiweka kama kumbukumbu ya wahanga. Kipande chake cha kwanza kinapita saa moja. Mwenye kanda za zamani mjini Jeddah, ziwe za Talal Maddah au za taarab ya Mombasa, anashauriwa azinakili sasa, azihifadhi katika chumba kikavu, na asizirudishe mbele kwa kasi kabla ya kuzinakili.