Binti Yako na Somo la Mifumo ya Udhibiti

Akina mama wengi wenye watoto wanaosomea uhandisi chuo kikuu wanajua kiasi cha ada, na wanajua siku ya kufungua chuo na siku ya kufunga. Lakini ukiwauliza mtoto anasoma nini hasa, watakujibu, "Anasoma umeme," au "Anasoma mitambo," na mazungumzo huishia hapo. Watoto wenyewe nao hawaelezi, maana wanadhani mama hataelewa. Kisha hufika mwaka wa tatu, simu inalia usiku, mtoto anasema amepata alama za chini sana katika somo liitwalo mifumo ya udhibiti, na kwamba anataka kubadili kozi. Mama hana la kumjibu ila, "Jikaze, mwanangu."

Mimi ni muuguzi, si mhandisi. Lakini katika kikundi chetu cha akina mama kanisani tunao wenzetu kadhaa wenye watoto katika kozi hizo, na mmoja wao alinijia na wasiwasi juu ya binti yake. Aliuliza kama amwache aache uhandisi, atafute kozi nyepesi. Nilikaa na binti huyo jioni kadhaa wakati wa likizo akinifunulia madaftari yake. Kilichonishangaza ni kwamba mengi yaliyokuwamo nilikuwa nikiyafahamu tangu nilipokuwa nasomea uuguzi, ila kwa majina mengine.

Mama mwenzangu, anza na tangi la maji la choo. Maji yakipungua, boya linashuka na kufungua njia ya maji. Maji yakijaa, boya linapanda na kuifunga. Hakuna mtu aliyesimama pale kulinda. Katika kitu hicho kidogo mna kiwango kinachotakiwa, kipimo cha kiwango kilichopo, tofauti kati ya hivyo viwili, na tendo la kuipunguza tofauti hiyo. Habari inayotoka kwenye matokeo na kurudi kulielekeza tendo, wahandisi huiita mrejesho. Somo zima limejengwa juu ya neno hilo. Wala si jambo jipya: Ktesibios wa Alexandria, kule Misri, aliitengeneza saa ya maji ya namna hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mwili wako nao hufanya hivyohivyo. Sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo inalinda joto la mwili lisiende mbali na nyuzi 37. Joto likizidi, unatoka jasho. Likipungua, unatetemeka, na kutetemeka huko ni misuli inayotengeneza joto. Sasa fikiri juu ya mtoto mwenye homa. Unamgusa, anaunguza, lakini yeye analia baridi na kuvuta blanketi. Mama wengi hushangaa. Sababu ni kwamba maradhi yamekipandisha kiwango chenyewe kinachotakiwa. Ubongo sasa unataka nyuzi 39, na mwili ukiwa na 38 unajiona umepoa. Ukimpa parasetamoli, kiwango kinashuka, ndipo jasho linapomtoka. Binti yule alipolisikia hilo alicheka, akasema ndilo jaribio la kwanza walilofundishwa: badilisha kiwango kwa ghafla, kisha tazama mfumo utakavyokifuata.

Uko pia mrejesho wa namna nyingine, unaokuza badala ya kutuliza. Kila aliyejifungua anaujua. Kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa uzazi, habari inapelekwa kwenye ubongo, homoni ya oksitosini inamwagwa, uchungu unaongezeka, kichwa kinasukuma zaidi. Hali hiyo huendelea kupanda mpaka mtoto atoke, ndipo inapokatika. Katika uzazi ni jambo jema. Katika mitambo ni hatari. Vipaza sauti vya kanisani vinapopiga ule mluzi wa kuumiza masikio, ni mrejesho huohuo: sauti imetoka kwenye spika, imeingia tena kwenye maikrofoni, imekuzwa, imetoka tena.

Kama mambo ndiyo haya, kwa nini watoto wetu wanatoka jasho? Ugumu wa kwanza ni kuchelewa kwa matokeo. Umebandika maharage kwenye jiko la mkaa, unaona hayachemki, unaongeza mkaa. Unangoja kidogo, huoni mabadiliko, unaongeza tena. Mkaa wote unashika moto kwa pamoja na maharage yanaungua. Unautoa kwa haraka, jiko linapoa kupita kiasi. Anayesahihisha kwa nguvu nyingi kwa habari iliyochelewa huufanya mfumo uyumbe huku na huku, na pengine kuyumba huko kukazidi kukua mpaka kitu kikavunjika. Sehemu kubwa ya somo ni kujua mapema, kwa kalamu na karatasi, kama mtambo utatulia au utayumba. Edward Routh wa Uingereza alitoa njia ya kulijua hilo mwaka 1877, na Harry Nyquist akaongeza nyingine kule Marekani mwaka 1932. Mwanao akiyataja majina hayo, ndiyo hayo.

Ugumu wa pili ni hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtambo unaobadilika kila sekunde huandikwa kwa milinganyo ya kalkulasi. Kuitatua moja kwa moja ni kazi ndefu, kwa hiyo wanafunzi hutumia njia yenye jina la Mfaransa Laplace, inayoigeuza milinganyo hiyo kuwa ya aljebra ya kawaida. Inarahisisha kweli, lakini mwanafunzi anajikuta anashughulika na herufi ambazo hazifanani tena na tangi wala jiko. Zaidi ya hayo, njia hiyo kwa kawaida imeshafundishwa kabla, katika masomo ya hesabu. Aliyepita huko kwa kukariri anadaiwa sasa. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yule. Tulipomwambia achore visanduku vya mfumo na kueleza kila kimoja kinafanya nini, alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anakwama kwenye sehemu za hesabu za mwaka wa pili. Amebaki katika kozi yake, na amerudia daftari lile la zamani tangu ukurasa wa kwanza. Mtihani wa mwisho bado.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mama ni huu: kabla hujasema abadili kozi, mwulize kama hakuelewa jambo lenyewe au amekwama kwenye hesabu. Hayo ni maradhi mawili, na dawa zake ni tofauti. Mwambie akueleze wewe, kwa Kiswahili, tangi la choo linavyofanya kazi na wapi kuna mrejesho. Akishindwa kukueleza wewe, atashindwa na mtihani. Na kama hana programu ya kompyuta ya kujaribia mifumo hiyo, zipo za bure kama GNU Octave na Scilab. Asikudanganye kwamba ni lazima ile ya kulipia. Kuhusu sapu, vyuo vingi vinaruhusu mtihani wa marudio, na kurudia somo moja si mwisho wa digrii. Tena usimpigie simu kila siku kumwuliza maendeleo. Kumbuka maharage.

Sehemu iliyonipendeza mimi ni ya Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani. Mwaka 1922 aliandika juu ya usukani wa meli unaojiendesha wenyewe. Alikuwa amewaangalia washika usukani hodari wanavyofanya, akaona hawatazami tu meli imepotoka kiasi gani sasa. Wanazingatia pia upotovu uliojilimbikiza tangu nyuma, na kasi ambayo meli inageukia. Vidhibiti vingi vya viwandani hata leo hutumia mambo hayo matatu. Ndivyo anavyosoma chati muuguzi mzuri: joto la sasa, limekaa juu kwa muda gani, na linapanda au linashuka.

Msimwambie binti kwamba hili ni somo la wanaume. Irmgard Flügge-Lotz alizaliwa Ujerumani mwaka 1903. Vita Kuu ya Kwanza ilipomchukua baba yake, alisaidia kuitunza familia kwa kuwafundisha wengine hesabu na Kilatini, naye bado ni mwanafunzi. Alipata udaktari wake mwaka 1929. Alishughulikia udhibiti wa kuwasha na kuzima, ule unaotumika katika pasi yako ya umeme na friji yako, na mwaka 1953 alitoa kitabu juu yake. Mwaka 1948 yeye na mumewe walihamia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mume alikuwa profesa, yeye akawekwa kuwa mhadhiri tu, kwa kuwa kanuni hazikuruhusu mume na mke kuwa maprofesa katika idara moja. Alifundisha na kuwasimamia wanafunzi wa udaktari kwa cheo hicho zaidi ya miaka kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo alipopewa uprofesa, mwanamke wa kwanza katika uhandisi chuoni hapo.

Akina mama huniuliza kazi ziko wapi. Ziko penye maji, umeme, saruji, sukari, vinywaji. Mimi nitataja ninapopajua. Mashine ya joto ya watoto njiti ina kihisi kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi ya mtoto. Kinapima joto lake, mashine inaongeza au kupunguza. Kihisi kikibanduka kikalala kwenye shuka, mashine inasoma ubaridi wa shuka, inadhani mtoto anapoa, na inazidisha joto juu ya mtoto ambaye hana shida yoyote. Mashine inatii kabisa, ila inatii habari ya uongo. Ndiyo maana sisi wauguzi hukagua kihisi hicho mara kwa mara na kumpima mtoto kwa kipimajoto cha pembeni. Na ndiyo maana unapoona hospitalini mashine kama hiyo imesukumwa stoo na kufunikwa shuka, imeandikwa "mbovu," pengine kilichokufa ni kihisi tu, na hakuna aliyesoma somo hili aliyewahi kuja kuifungua.