Je, Wajua? Gemu ya zamani inaweza kugoma kwa sababu kompyuta yako ina kasi mno

Baadhi ya gemu za miaka ya 1990 zilizoandikwa kwa Turbo Pascal hupima kwanza kasi ya kompyuta. Hesabu inayopatikana hugawanywa kwa 55. Jibu likizidi 65,535, halienei katika nafasi liliyotengewa. Skrini huandika “Runtime error 200”, na gemu huishia hapo. Katika DOSBox, emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) ya gemu za DOS, bonyeza Ctrl na F11 mara kadhaa ili kupunguza kasi, kisha ufungue gemu upya. Kwangu mimi, hakuna hitilafu inayoshangaza kuliko hii.

Windows ya biti 64 haifungui gemu ya DOS ya biti 16, hata kompyuta iwe ya bei gani; ndiyo maana emuleta huhitajika.

Gemu ya CD mara nyingi huja na mafaili mawili, .cue na .bin. Lile la .cue ni maandishi machache tu yanayotaja jina la mwenzake. Ukibadilisha herufi moja ya jina la .bin, emuleta haiioni diski. Fungua .cue kwa Notepad, sahihisha jina, hifadhi.

PPSSPP, emuleta ya gemu za PSP, ya kwenye simu haihitaji faili la BIOS (programu ya msingi ya mashine inayoigwa). Emuleta nyingi za PlayStation ya kwanza hulihitaji, nalo lina baiti 524,288 kamili. Likipungua, huenda lilikatika wakati wa kunakiliwa. Msomaji wa Kahororo au Muleba, kabla hujamaliza bando kupakua gemu upya, angalia kwanza ukubwa wa faili hilo.