Kizuia-mgando Kifaacho katika Kuotesha Damu

Daktari akishuku kwamba viini vimeingia katika damu ya mgonjwa, huagiza damu hiyo ioteshwe. Kwa mtu mzima, mililita 8 hadi 10 hutiwa katika chupa yenye mchuzi wa kukuzia viini, kisha chupa huwekwa penye joto la mwili kwa siku kadhaa. Damu ikiganda humo, viini hunaswa ndani ya bonge na huenda visiote. Hivyo sharti pawepo kizuia-mgando, jina tunalolitumia hapa kwa dawa yoyote izuiayo damu kuganda.

Lakini si kila kizuia-mgando kifaacho. EDTA, iliyomo katika mirija yenye kifuniko cha zambarau itumiwayo kuhesabia chembe za damu, huizuia damu isigande kwa kuinyang'anya kalisi. Kwa bahati mbaya, baadhi ya viini navyo huhitaji madini hayohayo ili ngozi zao ziwe imara. Sitrati ina kasoro kama hiyo, na heparini huzuia baadhi ya bakteria na hamira wasiote. Mgonjwa mwenye viini aweza basi kupewa jibu kwamba hana.

Inayopendelewa ni polianetoli sulfonati ya sodiamu, kwa kifupi SPS, kwa kiasi cha asilimia 0.025 hadi 0.05. Ubora wake haumo katika kuzuia mgando peke yake. Damu iliyotoka mwilini haijaacha vita: chembe nyeupe huendelea kumeza viini, na protini za kinga huendelea kuvitoboa. SPS huvikomesha vita hivyo. Tena hupunguza nguvu ya dawa kama gentamisini, endapo mgonjwa alikwisha kudungwa.

Hata hivyo SPS yenyewe ina adui zake, au tuseme wahanga wake. Huweza kukizuia kiini cha homa ya uti wa mgongo, meningokoko. Kwetu Kongo jambo hili si dogo: mwaka 2021 ugonjwa huo ulizuka Banalia, mkoani Tshopo. Jelatini ya asilimia 1.2 hivi ikiongezwa katika mchuzi hupunguza madhara hayo. Aidha, maji ya uti wa mgongo yasitiwe tu katika chupa yenye SPS. Ni heri yapandwe moja kwa moja juu ya agari-chokoleti.

Chupa za viwandani huja na SPS ndani yake, kwa hiyo uchaguzi hukosewa zaidi kitandani kwa mgonjwa. Mshipa unapopatikana kwa taabu, muuguzi hushawishika kumimina katika chupa damu iliyobaki kwenye mrija wa EDTA. Chupa za kuotesha zijazwe kwanza, mirija mingine ifuate. Mirija yenye kifuniko cha manjano nayo isomwe maandishi yake, kwani mingine ina SPS na mingine ina mchanganyiko wa sitrati na sukari, na rangi ni ileile.