Kibuyu cha Rubisi na Binamu Yake wa Argentina

Karagwe na Kyerwa, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, pombe ya rubisi hulala usiku kucha ndani ya mtumbwi wa mti, juisi ya ndizi ikichachuka pamoja na unga wa mtama uliokaangwa. Ikiiva huchotwa na kutiwa vibuyuni, na mzee akipewa chake huchomeka mrija akanyonya polepole.

Kibuyu hicho hakifinyangwi, hulimwa. Ni tunda la mmumunye, mmea utambaao wa jamii ya maboga, wenye maua meupe yanayofunguka jioni. Jina la kibuyu lisikudanganye: hauna undugu na mbuyu. Tunda likiachwa likomae, ganda hukauka likawa gumu kama ubao. Hapo hukatwa mdomo, mbegu zikamwagwa, likajazwa maji ili nyama ya ndani ioze, kisha likatiwa changarawe na kutikiswa mpaka litakate. Kazi hii haitaki haraka, kwa sababu nyama hiyo huwa chungu mno, na masalio yake huharibu kinywaji. Anayetaka shingo nyembamba huifunga kamba tunda likiwa bado changa.

Sasa tazama Argentina. Huko watu hupokezana kibuyu kidogo chenye majani yaliyotiwa maji ya moto, wakinyonya kwa mrija wa chuma. Hukiita mate, neno ambalo Kihispania kimelichukua kutoka Kikechua cha milima ya Andes, ambako mati ni kibuyu. Leo mate ni chombo, ni kinywaji chenyewe, na mitaani hata kichwa cha mtu. Kibuyu chao cha asili ni tunda la mmumunye uleule.

Mmea huu asili yake ni Afrika, lakini katika bara la Amerika ulikuwa ukitumika miaka ipatayo 10,000 iliyopita, kabla ya merikebu yoyote. Mwaka 1954 watafiti Thomas Whitaker na George Carter walieleza jinsi walivyoacha vibuyu vikielea katika maji ya bahari kwa siku 224, na mbegu zilipopandwa zikaota. Mwaka 2014 vinasaba vya vibuyu vya kale vya huko vikaonyesha ukoo wa Afrika, kwa hiyo inadhaniwa vibuyu vilielea vyenyewe kuvuka Atlantiki. Havikutoka Karagwe, maana maji ya huko hufuata mto Kagera hadi Ziwa Viktoria, Nili na Mediterania. Yaelekea vilisombwa na mito ya upande wa pili wa bara, inayomwaga Atlantiki.